Vitamini za wifi yangu zinazuia kweli saratani ya mlango wa kizazi?

MamaNuru, Tanga

Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 38 na watoto watatu. Nilipimwa kwa siki, yakaonekana mabaka meupe, wakachukua kinyama kidogo kwenda maabara. Majibu: mabadiliko ya awali, daraja la kwanza. Daktari akasema hii si saratani, nirudi baada ya mwaka. Hakunipa hata kidonge. Nimerudi nyumbani roho juu.

Wifi yangu anauza vitamini. Chupa moja 85,000, ndani mna foliki asidi, beta-karotini, vitamini C na E. Ananiambia, "Wifi, mwaka mzima utakaa hivihivi?" Amenitumia maelezo ya utafiti wa Alabama, Marekani, wa mwaka 1982, kwamba wanawake waliomeza foliki asidi walipata nafuu. Chupa ya kwanza nimeshamaliza. Mwenye ujuzi anisaidie: utafiti huo upo kweli?

Nesi_Mstaafu

Pole mdogo wangu. Utafiti upo, na wifi yako hajakudanganya. Ila habari haikuishia hapo.

Aliyeufanya ni Dkt. Butterworth na wenzake wa Birmingham, Alabama. Walikuwa wanawake 47 tu, wote wanatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Waliopewa foliki asidi walimeza miligramu 10 kila siku kwa miezi 3, wengine wakapewa kidonge kisicho na foliki asidi. Waliomeza foliki wakaonekana kupata nafuu zaidi. Watu walifurahi sana, na mimi ningefurahi.

Daktari huyohuyo hakuridhika na watu 47. Mwaka 1992 akatoa majibu ya utafiti mkubwa zaidi: wanawake 235 wenye mabadiliko kama yako au yaliyozidi kidogo, dozi ileile, safari hii miezi 6. Hakukuwa na tofauti kati ya waliomeza foliki asidi na wasiomeza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo, na namheshimu sana kwa hilo. Uholanzi nao walijaribu beta-karotini, haikusaidia.

Shamsa_K

Samahani dada nesi, mimi napinga. Nilikuwa na tatizo hilohilo la daraja la kwanza. Nikatumia vitamini, nikarudi kupima, safi kabisa! Utaniambiaje hazifanyi kazi?

Nesi_Mstaafu

Shamsa, nakuamini, na nimefurahi umepona. Nimekaa miaka mingi chumba cha uchunguzi, nikaona wanawake wengi wakirudi safi kama wewe. Mmoja anasifu mlonge, mwingine kitunguu saumu na asali, mwingine maji ya maombi. Na wapo waliorudi safi bila kutumia chochote. Hao hakuna anayewasikia, kwa sababu hawana cha kusimulia.

Mabadiliko haya huletwa na virusi vya HPV. Wanawake wengi miili yao huvishinda virusi hivyo ndani ya miaka miwili, na mabadiliko ya daraja la kwanza mara nyingi huondoka yenyewe. Kwa hiyo chochote utakachomeza katika muda huo kitaonekana ni dawa. Ndiyo maana wanasayansi huweka kundi la pili linalomeza kidonge kitupu. Kama makundi yote mawili yanapona sawasawa, sifa si ya kidonge. Bila kundi la pili, hata mimi na uzoefu wangu wote siwezi kujua.

MamaNuru, kwa hiyo daktari hakukupuuza. Kukuambia urudi baada ya mwaka ndiyo huduma yenyewe: kama hayajaondoka, au yamepanda daraja, yanachomwa kwa joto au kwa baridi kabla hayajawa saratani. Ninachokiogopa ni mtu kumeza chupa sita, akajiona amekingwa, asirudi.

Na usiseme vitamini hazina madhara. Finland waliwapa beta-karotini wanaume wavutaji sigara, utafiti wa watu zaidi ya 29,000. Majibu yalitoka mwaka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Foliki asidi nyingi nayo inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12. Ile dozi ya Alabama ni mara 25 ya miligramu 0.4 anayoshauriwa mjamzito. Mjamzito aendelee na yake, ile ina kazi yake na imethibitishwa. Wewe kula mchicha, matembele na maharage.

Atieno_wa_Kisumu

Naongezea kitu kutoka huku Kenya. Chanjo ilipimwa kwa njia hiyohiyo anayoeleza nesi. Wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, hapa Kisumu, Thika na Nairobi: wengine walidungwa chanjo ya HPV mara moja tu, wengine chanjo ya uti wa mgongo. Baada ya miezi 18, dozi hiyo moja ilikuwa imekinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya HPV aina ya 16 na ya 18, zile aina mbili zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Hapo tofauti ya makundi ilionekana wazi. Baadaye wale wa kundi la pili nao wakapewa ya HPV.

MamaNuru, Tanga

Asanteni sana, nimelala usingizi jana. Wifi nitaongea naye taratibu, ni mtu wangu. Nina binti wa miaka 11. Yeye je? Na mimi nichanjwe sasa?

Nesi_Mstaafu

Binti apelekwe. Tanzania tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bure, shuleni au kituo cha afya. Kwako chanjo haitaondoa mabadiliko yaliyokwisha kuingia, wewe fuata tarehe ya kurudi. Swali moja sikukuuliza, na si lazima ulijibu hapa: umepima VVU? Anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi, na ratiba yake ya uchunguzi ni ya karibu zaidi. Kama hujapima, pima wiki hii, halafu daktari aangalie upya hiyo tarehe aliyokupa.