Kuhamisha tovuti za wateja kutoka cPanel kwenda DirectAdmin bila kupoteza barua pepe

njiro_mtandao (Arusha)

Ndugu zangu, salaam. Ninasimamia tovuti za kampuni za utalii, loji ndogo na shule kadhaa za Arusha na Moshi, zote zikiwa kwenye seva moja ya kukodi yenye cPanel, paneli ya kusimamia seva kwa kivinjari. Seva hiyo bado inatumia CentOS 7, mfumo endeshi ulioacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo kuhama si jambo la hiari tena. Maadamu ni lazima nihame, ningependa kubadilisha na paneli yenyewe. Tangu 2019 leseni ya cPanel hutozwa kwa idadi ya akaunti, na akaunti zetu zimevuka 30, ilhali leseni ya kawaida ya DirectAdmin, paneli nyingine ya aina hiyo, haihesabu akaunti. Seva mpya imeshapatikana, ina mfumo wa AlmaLinux 9, DirectAdmin na programu ya hifadhidata ya MariaDB 10.11.

Nimepanga kupakua bakapu ya kila akaunti hadi kwenye kompyuta ya ofisini, nizipandishe kwenye seva mpya, kisha usiku wa manane, wakati wateja wamelala, nibadilishe rekodi za DNS (zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake) za domeini zote kwa pamoja. Kinachonipa wasiwasi ni barua pepe. Kampuni ya utalii inaweza kuvumilia tovuti yake isipofunguka kwa saa moja, lakini barua ya mgeni anayeuliza bei ya safari ya Serengeti ikipotea, mgeni huyo atajibiwa na kampuni nyingine na hatarudi kuuliza tena. Naomba wenye uzoefu mnieleze mpango huu una kasoro gani.

seva_kibosho (Moshi)

Salaam, ndugu yangu. Sababu zako ni za msingi, na kama inawezekana kazi hii imalizike masika yakiwa bado yanaendelea, kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika. Mpango wenyewe ningeubadilisha mahali pawili.

Data isipite ofisini kwako kabisa. Seva zote mbili ziko kwenye vituo vyenye mtandao wa kasi, na hakuna sababu ya kuvuta gigabaiti zote hizo hadi Njiro kisha kuzirudisha zilikotoka. Kwenye seva ya zamani, ukiwa root (mtumiaji mkuu), amri ya /scripts/pkgacct ikifuatiwa na jina la akaunti hutengeneza faili la cpmove lenye jina hilo ndani ya /home. Lisukume faili hilo kwa rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya seva) moja kwa moja hadi /home/admin/admin_backups kwenye seva mpya, kisha ingia DirectAdmin, sehemu ya Admin Backup/Transfer, uagize lirejeshwe. DirectAdmin inaelewa bakapu za cPanel na itaunda mtumiaji, domeini zake, hifadhidata na masanduku ya barua. Amri hizi ziendeshe ndani ya screen au tmux, kwa sababu umeme ukikatika au laini ikidondoka, kazi iliyoanzishwa kwa SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) ya kawaida hufia katikati, lakini iliyo ndani ya screen huendelea na utaikuta ilipofika. Hakikisha tu kwamba diski mpya ina nafasi ya kubeba bakapu na mafaili yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja.

La pili ndilo zito zaidi: usihamishe domeini zote kwa pamoja. Nadhani wateja wako wengi wanatumia nameserver (seva zinazojibu maswali ya DNS) zako mwenyewe. Kama ndivyo, hakuna haja ya kumsumbua kila mteja aende kwa msajili wa .co.tz kubadilisha chochote. Iache seva ya zamani iendelee kujibu maswali ya DNS, na kwa kila akaunti uliyokwisha kuikagua, ingia kwenye zone yake (orodha ya rekodi zake za DNS) kulekule cPanel, ubadilishe rekodi za A zielekee anwani ya IP ya seva mpya. Akaunti moja ikigoma unairudisha yenyewe, na wenzake hawaguswi. Zote zikishahama, ndipo unakwenda kwa msajili wa domeini yako kubadilisha anwani za nameserver zenyewe, baada ya kulinganisha zone za pande zote mbili rekodi kwa rekodi.

Siku moja kabla ya kuhamisha akaunti, shusha TTL yake (muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka jibu la DNS). cPanel kwa kawaida huweka sekunde 14400, yaani saa 4, na kwa muda huo wote baadhi ya watu wataendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani. Sekunde 300 zinatosha. Kukagua tovuti kabla ya kugusa DNS ni rahisi: ingiza IP mpya na jina la domeini kwenye faili la hosts la kompyuta yako, na wewe peke yako utaiona tovuti ikitokea seva mpya huku dunia nzima ikiendelea na ile ya zamani. Usiishie ukurasa wa mbele. Jaza fomu ya kuweka nafasi, ingia kwenye usimamizi wa WordPress, pakia picha moja.

dada_sakina (Arusha)

Ninaunga mkono maelezo ya kaka wa Moshi, lakini ndugu wa Njiro, swali lako lilihusu barua pepe, na humo mna mtego ambao kuhama akaunti moja moja ndiko kunakoutega. Wateja wako wanaandikiana wao kwa wao kutwa nzima. Kampuni ya utalii inaiandikia loji kuulizia vyumba, loji inajibu, na wote wako kwenye seva yako. Sasa tuseme umeihamisha loji leo, na kampuni ya utalii bado iko seva ya zamani. Kampuni ikituma barua kwa loji, seva ya zamani haiendi kuuliza DNS. Inaangalia faili la /etc/localdomains, inaikuta domeini ya loji humo, inaiweka barua kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna anayelifungua tena. Mtumaji hapati ujumbe wowote wa kosa, na loji haijui kwamba imeandikiwa. Barua za wageni wa nje zitakuwa zinaingia vizuri kabisa, na hilo ndilo litakalokufanya uamini kwamba kila kitu kiko sawa.

Dawa yake ni kwamba dakika ileile unayobadilisha rekodi ya A, ingia kwenye cPanel ya akaunti hiyo, sehemu ya Email Routing, uiweke Remote Mail Exchanger. Domeini itatoka localdomains na kuingia remotedomains, na seva ya zamani itaanza kuzipeleka barua hizo seva mpya kama inavyotakiwa. Kumbuka pia kwamba kwenye zone nyingi za cPanel rekodi ya MX (inayoonyesha seva ya kupokea barua) hutaja jina la domeini lenyewe, kwa hiyo ukibadilisha rekodi ya A ya jina hilo, barua nazo zimehama, upende usipende.

Mtego huohuo upo upande wa pili. Ukirejesha akaunti zote kwenye DirectAdmin mapema ili zisubiri, seva mpya nayo itaziona zote kuwa ni za kwake. Loji iliyokwisha kuhama ikiiandikia kampuni ambayo bado inasoma barua zake seva ya zamani, barua itaishia kwenye sanduku jipya lisilo na msomaji. Kwa hiyo ama urejeshe akaunti pale tu unapokuwa tayari kuigeuza, ama uingie sehemu ya MX Records ya DirectAdmin uondoe alama inayoiruhusu seva hiyo kushughulikia barua za domeini husika, kisha uirudishe siku ya kuhama. Wateja ambao barua zao ziko Google au Microsoft, hiyo alama isirudi kamwe.

Zipo pia barua zinazoingia kati ya saa uliyotengeneza bakapu na saa uliyogeuza DNS. Hizo hazimo kwenye bakapu. cPanel huziweka chini ya mail/domeini/mtu, DirectAdmin huziweka chini ya imap/domeini/mtu/Maildir, kwa hiyo baada ya kugeuza, chukua zile tu zilizofika baada ya bakapu uzinakili kwenye folda ya new ya upande mpya. Ukinakili sanduku zima tena utawazalishia wateja barua pacha, kwa kuwa barua iliyokwisha kusomwa hubadilishwa jina la faili.

Wale wanaotumia Outlook kwa POP3 (njia ya kuvuta barua hadi kwenye kompyuta) wanahitaji uangalifu wa peke yake. Programu hiyo hutambua barua ilizokwisha kuzivuta kwa namba za UIDL. Namba zikibadilika, itazivuta zote upya tangu mwanzo, na meneja wa loji iliyo porini, anayetumia bando la simu, ataimaliza data yake ya mwezi kwa asubuhi moja. Hakikisha faili la dovecot-uidlist limehama pamoja na barua, na kwamba pop3_uidl_format inafanana kwenye Dovecot (programu ya seva inayowapa watu barua zao) za pande zote mbili.

Kuhusu saa, sikubaliani na usiku wa manane. Saa saba usiku ya Arusha ni saa kumi na mbili jioni New York majira haya, na huo ndio wakati watu wametoka kazini na kukaa kupanga safari. Saa kumi na moja alfajiri ni bora zaidi: New York ni saa nne usiku, Ujerumani ni saa kumi usiku, na wewe mwenyewe una saa tatu za kukagua kabla ofisi za hapa hazijafunguliwa.

njiro_mtandao (Arusha)

Nawashukuru sana. Dada wa Sakina, hilo la localdomains limenifumbua macho, maana loji tatu na kampuni zinazozipelekea wageni zote ziko kwenye seva hii.

Nimeanza na akaunti mbili za majaribio. Ya kwanza imerejeshwa vizuri. Ya pili, kwa kuwa ina picha nyingi, niliamua kuinakili kwa mkono kwa rsync na kuisafirisha hifadhidata kwa mysqldump. Hifadhidata inakataa kuingia kwa kosa la Unknown collation utf8mb4_0900_ai_ci. Zaidi ya hapo, nikiifungua tovuti, kivinjari kinapakua faili la index.php badala ya kuonyesha ukurasa. Kosa liko wapi?

seva_kibosho (Moshi)

Bila shaka seva ya zamani ina MySQL 8.0. Mpangilio huo wa herufi (collation) ulianzia huko, na MariaDB 10.11 haiutambui. Lifungue faili la SQL kwa sed (programu ya kubadilisha maneno ndani ya faili), ubadilishe utf8mb4_0900_ai_ci iwe utf8mb4_unicode_ci, kisha uliingize tena. Hilo ni salama kwa sababu maneno hayo yamo kwenye maelezo ya majedwali. Lakini usijaribu sed kubadilisha njia za folda au anwani ya tovuti ndani ya data ya WordPress, kwa kuwa data hiyo huhifadhiwa pamoja na hesabu ya urefu wa kila neno, na hesabu isipolingana mipangilio inasomeka kuwa mibovu. Kwa kazi hiyo tumia amri ya wp search-replace, inayorekebisha hesabu pia.

Kosa la kupakua limo kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya tovuti. cPanel huandika humo mstari wa AddHandler unaotaja application/x-httpd-ea-php pamoja na toleo. Seva mpya haina kitu chenye jina hilo, kwa hiyo Apache (programu inayotoa kurasa za tovuti) inalitoa faili la PHP kama lilivyo. Futa mistari hiyo, kisha uchague toleo la PHP ndani ya DirectAdmin. Fanya hivyo kabla tovuti haijafunguliwa kwa watu, kwa sababu kosa hili linaweza kutoa hadharani yaliyomo kwenye wp-config.php, nenosiri la hifadhidata likiwa mojawapo. Angalia pia .user.ini kama kuna Wordfence (programu-jalizi ya ulinzi wa WordPress): huwa kuna mstari wa auto_prepend_file wenye njia kamili ya folda. Domeini kuu huokolewa na njia ya mkato ya public_html ambayo DirectAdmin huiweka, lakini domeini za nyongeza zilizokuwa kwenye folda zao sasa ziko chini ya domains, na tovuti nzima itakataa kufunguka hadi mstari huo urekebishwe. Kazi za kroni (zinazojiendesha kwa ratiba) zinazotaja /usr/local/bin/ea-php nazo zitakoma kufanya kazi.

Ziko rekodi mbili za barua ambazo hazijatajwa. SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeini) yenye IP ya zamani iongezewe IP mpya kabla ya kuhama, na ya zamani itolewe mwishoni. DKIM (ufunguo wa kuthibitisha saini ya barua) ya cPanel hukaa chini ya jina default._domainkey, ya DirectAdmin chini ya x._domainkey; maadamu zone bado iko cPanel, ni wewe utakayeiingiza hiyo ya x kwa mkono. Mwombe pia mwenye seva akuwekee PTR (rekodi inayotaja jina la IP) ya IP mpya. Tangu Februari 2024 Gmail imekuwa kali kwa seva zisizo na vitu hivi, na majibu ya wateja wako yatatupwa kwenye taka.

Seva ya zamani usiifunge kwa kufuata tarehe ya bili. Fuatilia /var/log/exim_mainlog, kumbukumbu ya barua zinazopita kwenye seva hiyo. Siku itakapopita bila barua hata moja kutoka nje kwa domeini za wateja wako, hapo unaweza kuandika barua ya kusitisha mkataba.