Mwanaidi yupo mjini, Babu anamwelekeza

*Kikundi: Nyumba ya Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani*

Jumamosi, saa 2:05 asubuhi

Mwanaidi: Assalam alaykum nyote. Shikamoo Babu, shikamoo Bibi, shikamooni wazazi wangu. Leo sina kipindi. Natoka chuoni Mlimani kwenda kuitembea ile Dar ya Babu, kama tulivyoahidiana sikukuu ya Idi. Nipo kituo cha Ubungo nasubiri basi la mwendokasi la Kivukoni.

Shangazi Zubeda: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Ukifika Kariakoo niulizie bei ya madera kwa jumla. Usinunue, uliza tu.

Mama: Marahaba. Umekunywa chai?

Mwanaidi: Nimekunywa Mama, chapati na maharage kwa mama ntilie karibu na hosteli.

Mama: Haya. Mkoba uwe kifuani, simu ndani ya mkoba. Ukitaka kuandika ingia dukani kwanza. Wale wa bodaboda wakishakupora hata namba ya pikipiki huioni.

Salim: Babu ameitikia, marahaba. Nipo naye barazani. Amesema niandike kila anachosema nisipunguze neno. Anasema: "Mchumba wangu, ukipita Urafiki uniambie kiwanda kikoje. Kanga ya kwanza niliyomnunulia bibi yako ilitoka pale."

Salim: Bibi anasema: "Mke mwenzangu, kanga hiyo ninayo mpaka leo, kipande kimoja. Kingine alibebewa mama yako alipozaliwa baba yako." Hapo wamechanganya, nawauliza tena.

Salim: Alibebewa baba yako. Basi.

Baba Mdogo Hamisi: 😂😂 Mwanaidi, ukikatiza Msimbazi piga picha jengo la Simba, uniwekee hapa kikundini.

Saa 3:20 asubuhi

Mwanaidi: Nimefika Kivukoni. Nimesimama tangu Ubungo, basi limejaa mpaka mlangoni. Urafiki nimeiona kwa kuchungulia chini ya kwapa la mtu, kituo bado kinaitwa hivyo hivyo. Babu, kuanzia Manzese mpaka Magomeni watu wanapanda tu, hakuna anayeshuka. Basi lilipoteremkia Jangwani ndipo upepo ukaingia.

Salim: Babu anauliza, mwendokasi hii ndiyo yale mabasi ya Ikarusi ya UDA?

Baba: Hapana Mzee. Haya yalianza 2016. Yana njia yao peke yao katikati ya barabara, daladala haziruhusiwi kuingia.

Salim: Babu anasema: "Ikarusi nayo ilikuwa ndefu, ina kiungo katikati, ikikata kona unaona wa nyuma wanazungushwa. Sisi wa bandarini tulikuwa tunapenda kusimama pale kwenye kiungo."

Mama: Mwanaidi, upo wapi sasa unavyoandika?

Mwanaidi: Ndani ya soko la samaki la Feri Mama, karibu na mlinzi. Hapa ni kelele tupu, mnada unaendelea. Changu ni wazuri lakini bei haisogeleki. Kuna baba anatembea na jodari begani, mkia unaburura chini, na watu wote wanampisha.

Shangazi Zubeda: Samaki wa Deep Sea kwetu Tanga wana shida gani? Nenda Kariakoo mwanangu.

Salim: Babu anasema asiende Kariakoo kwanza. "Kutoka hapo fuata bahari, pita makanisa mawili ya Wajerumani yanayotazama bandari, halafu panda mpaka kwenye Bismini. Akifika aniambie."

Mwanaidi: Babu, Bismini ni nini?

Baba: Ile sanamu ya askari, katikati ya mzunguko. Wazee wa mjini waliiita hivyo.

Saa 4:15 asubuhi

Mwanaidi: Nipo kwenye Sanamu. Nimeingia duka la vitabu lililo jirani, naiona kupitia kioo.

Babu, nilikuwa naipita nikiwa kwenye daladala sijawahi kusimama. Leo nimevuka mpaka pale katikati nikaizunguka yote. Askari ameinama mbele na bunduki, singe yake imeelekea bandarini. Viatu vyake vimechongwa hadi kamba, na zile patis, vitambaa vya kufunga miguuni, unaona zilivyozungushwa mzunguko baada ya mzunguko. Darasani tumesoma kwamba iliwekwa 1927, na kabla yake Wajerumani walikuwa wameweka hapo sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza walipouteka mji 1916 wakaiondoa.

Mwanaidi: Kitu ambacho hatukusoma darasani ni maandishi ya chini. Si ya askari peke yao. Yanawataja na wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Salim: Nimemsomea. Amenyamaza kidogo. Subirini.

Salim: Babu anasema: "Hapo ndipo nilipotaka ufike. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa upagazi vita ile. Waingereza walikuja Tanga 1914 wakapigwa wakarudi melini, watu wakadhani yamekwisha. Wakarudi tena 1916 wakaingia. Kila anayeingia anataka watu wa kubeba, Mjerumani anachukua, Mwingereza anachukua. Yeye alikamatwa akitoka shamba, jembe likarudi nyumbani mikononi mwa jirani. Baba yangu alikuwa bado tumboni. Hatukuletewa barua, hatukuonyeshwa kaburi. Mimi nilipopata kazi Dar, mshahara wa kwanza nilikwenda kusimama pale. Kaburi la kumzuru sina, nikasema basi hapa panatosha."

Baba: Mzee, hili hujawahi kunisimulia.

Salim: Anasema hukuwahi kumuuliza, na hakulaumu, mlikuwa na shughuli zenu.

Baba Mdogo Hamisi: Inna lillahi. Mimi nimekaa Dar miaka, nimepita pale mara ngapi sijui.

Mama: Mwanangu, msomee Fatiha babu yenu.

Mwanaidi: Nimeshasoma Mama. Babu, jina lake nani?

Salim: Anasema: "Mwinyimvua. Hamisi tulimpa la baba yangu, la babu halijapata mtu."

Shangazi Zubeda: Mimba hii ikiwa ya kiume nimepata jina. Mume wangu hayumo humu kikundini, lakini atakubali.

Bibi (Salim anaandika): "Alhamdulillahi. Zubeda umesema neno."

Saa 4:50 asubuhi

Salim: Babu anatoa njia: "Shika Independensi moja kwa moja mpaka Mnara wa Saa. Upande wako wa kushoto ni stesheni niliyoshukia na treni ya Tanga. Pale kata kulia uingie Kichwele, pita Mnazi Mmoja, utaingia Kariakoo."

Mwanaidi: Babu, simu haiijui Independensi wala Kichwele.

Baba: Independensi siku hizi ni Samora. Kichwele ni Mtaa wa Uhuru. Fuata anavyosema, amekosea majina tu, njia ni ile ile.

Salim: Babu anasema hajakosea. Yeye ndiyo majina aliyoyakuta, na Mnara wa Saa ulijengwa 1961 Dar ilipofanywa jiji, na huo bado upo.

Mwanaidi: Upo Babu, naukaribia. Stesheni nayo ipo. Ila treni mpya ya umeme ya Dodoma ina stesheni yake pembeni, jengo kubwa la vioo lililokatwa pembe pembe mithili ya tanzanaiti.

Baba Mdogo Hamisi: Ile ilianza 2024. Tanga bado tunasubiri yetu.

Saa 6:30 mchana

Mama: Mwanaidi?

Mama: Mwanaidi uko wapi? Umepita muda.

Mwanaidi: Nipo Mama, nipo Kariakoo, nimekaa barazani kwa watu nakunywa maji. Kutembea Mtaa wa Kongo kunataka nguvu. Bidhaa zimepangwa mpaka katikati ya barabara, mkokoteni ukija lazima ubanane na ukuta, na anayeusukuma anapiga mluzi tu, hasimami. Shangazi, madera nimeuliza maduka matatu, nitakuandikia pembeni, kila mtu ana bei yake na yote wanasema ni ya Comoro.

Shangazi Zubeda: Ahsante mama. Andika na idadi wanayoanzia.

Mwanaidi: Nimepita na sokoni. Lile jengo kubwa lenye paa la miavuli ya zege.

Salim: Babu anasema: "Hilo likijengwa nipo. Mchoraji wake Mwafrika mwenzetu, Beda Amuli. Lilifunguliwa 1975, tulikwenda kulitazama na nguo za Ijumaa. Niliposikia redioni 2021 kwamba limeungua sikula mchana."

Salim: Anauliza, Mtaa wa Sikukuu umefika?

Mwanaidi: Ndipo nilipo Babu. Nisikilize vizuri, Salim msomee polepole.

Nyumba yako haipo. Pale ulipopaelekeza pamesimama ghorofa, chini maduka ya mapazia, juu sijui nini. Nilisimama ng'ambo nikaangalia kona zote mbili, ni pale pale. Ila nyumba ya tatu kutoka hapo imebaki ya zamani. Paa la bati lenye kutu, mlango katikati, vyumba huku na huku, korido moja mpaka uani, kama ya kwetu Ngamiani. Barazani kuna wazee wanne wanacheza bao, na mmoja anauza kahawa na kashata. Nikawaamkia, nikawaambia mimi mwanafunzi wa Mlimani, nimetumwa na babu yangu wa Tanga aliyepanga mtaa huu alipokuwa karani bandarini.

Wakanipa nafasi nikae. Mzee wa kahawa akaniuliza, "Alipanga kwa nani?" Nikasema kwa Bi Mtumwa, mama aliyekuwa akipika vitumbua alfajiri.

Babu, alishusha birika chini. Akasema, "Bi Mtumwa ni shangazi yangu."

Baba: Subhanallah.

Baba Mdogo Hamisi: Hebu!

Mama: Mwanaidi sema kweli.

Mwanaidi: Kweli Mama. Wewe Babu hakukumbuki, nisidanganye. Anasema wapangaji wa bandarini walikuwa wengi, wanakuja wanaondoka, na yeye alikuwa mtoto. Lakini vitumbua anavikumbuka, na daftari la madeni anasema lilikuwa halifutwi mpaka tarehe ya mshahara.

Salim: Babu anacheka na machozi yanamtoka. Anasema: "Daftari la jalada jekundu! Mwezi ule meli za shaba ya Zambia zilipochelewa kupakiwa tukakosa ovataimu, alinilisha mwezi mzima. Akasema, Mtanga wewe kula, deni halioti meno. Muulize yupo wapi."

Mwanaidi: Nimemuuliza kabla hujasema Babu. Alifariki zamani. Amezikwa makaburi ya Kisutu. Mpwa wake anasema kaburi analijua, huwa wanalifyeka kabla ya Ramadhani.

Salim: Babu ameingia ndani.

Saa 7:40 mchana

Mwanaidi: Vipi Babu?

Salim: Ametoka kuswali. Amekuja na kanzu, sijui anakwenda wapi. Anasema: "Nataka kwenda Dar."

Mama: Leo?

Salim: Anasema hata kesho. "Nikamsomee Bi Mtumwa, nipite na kwa babu pale Bismini. Macho yakizidi kuingia giza nitakwenda kuona nini?"

Baba: Mzee tutakupeleka, lakini tupange. Mwanaidi mitihani unamaliza lini?

Mwanaidi: Alhamisi ya wiki ijayo Baba. Ijumaa niko huru asubuhi mpaka usiku.

Baba Mdogo Hamisi: Nauli yake na ya Salim juu yangu. Mzee asisafiri peke yake.

Shangazi Zubeda: Mimi nitatoa ya kula na ya bajaji mjini. Mwendokasi wasimpandishe ile ya asubuhi, magoti yake hayawezi kusimama.

Mwanaidi: Haitamlazimu kusimama, Shangazi. Nimeangalia leo: ukipanda Kimara linapoanzia, baada ya saa nne, viti vinapatikana, na vijana wakiona mzee wanaondoka wenyewe. Nimemwona mama mmoja leo amepishwa na watu wawili kwa pamoja. Lakini akishuka stendi ya Mbezi siku hiyo achoke tu, alale kwa rafiki yake Baba pale Kimara, mjini tuingie Jumamosi.

Baba: Nimeshampigia. Anasema chumba kipo.

Mama: Mwanaidi, yule mzee wa kahawa umechukua namba yake?

Mwanaidi: Nimechukua Mama. Amenikatalia hela ya kahawa na kashata, anasema mjukuu wa mpangaji wa shangazi hatoi hela. Ameniambia Babu akija wampigie mapema, atawaita na wenzake waliobaki wa mtaa ule.

Bibi (Salim anaandika): "Asiende mikono mitupu. Nitafunga mkate wa kumimina na halua. Na mimi je, naachwa?"

Baba Mdogo Hamisi: Bibi nauli yako ipo pia. Watatu.

Bibi (Salim anaandika): "Haya. Ile kanga ya Urafiki nitaivaa."

Baba: Basi la saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa. Salim, kesho ukate tiketi, viti vya mbele, upande usiopigwa jua.

Salim: Sawa Baba Mkubwa. Babu anauliza kama Ijumaa hiyo Mwanaidi ataweza kumpokea Mbezi au aje kivyake, maana njia anaijua.

Mwanaidi: Nitakuwa stendi kabla basi halijaingia. Sasa naweka simu ndani, narudi chuo. Baba Mdogo, picha ya jengo la Simba hiyo hapo.