Mrejesho: Mama na damu iliyokuwa ikipungua

Habari zenu ndugu zangu. Miezi mitatu iliyopita niliuliza kuhusu mama yangu: macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, damu 5.2, na vidonge vya kuongeza damu havisaidii. Mmoja wenu alisema tuombe kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kinga ya mwili inashambulia chembe nyekundu za damu. Mungu akubariki sana.

Kilitoka chanya. Daktari alimweleza mama taratibu: kinga ya mwili inazigeukia chembe nyekundu zake mwenyewe kana kwamba ni adui, na wengu unazivunja. Chembe ya kuishi siku 120 hivi inakufa mapema mno. Ile njano ndiyo mabaki yake. Madini ya chuma hayakuwa yamepungua, basi vile vidonge vingefanya nini?

Alianza prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu. Wiki ya tatu damu 9, juzi 11.4. Prednisoloni ina madhara yake: uso umevimba, usingizi shida, sukari tunaipima. Dozi yake inashushwa kidogo kidogo. Mlio kwenye dawa hii nawasihi msiiache ghafla, hata mkijisikia vizuri.

Jana alfajiri mama aliniita nione mkojo kwenye kopo. Mweupe kabisa. Tulishikana mikono tukalia.