Toyota IST inavuja baada ya kumwaga oili mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Jana nimemwaga oili ya IST yangu (injini 1NZ) hapa uani Mbagala. Nati ya chini spana namba 14, filta nimeikaza kwa mkono, nikamimina galoni nzima ya lita 4, oili ya daraja la 5W-30. Leo nawasha, oili inachuruzika upande wa filta. Mama watoto anacheka tu. Nimekosea wapi?

Jibu: Zima gari kwanza mkuu! Fungua filta, chungulia pale inapokaa. Nahisi raba ya filta ya zamani imebaki imeng'ang'ania, na raba mbili hazizibi. Ile mpya ipake oili kidogo, ikishagusa zungusha robo tatu, basi.

Jibu: Halafu lita 4 zimezidi. 1NZ ukibadilisha oili pamoja na filta inakula lita 3.7. Pima kwa kijiti cha oili, gari ikiwa sehemu tambarare. Na usiingie chini kwa kutegemea jeki peke yake, weka stendi za kushikilia gari.

Muuliza swali: Raba nimeikuta, imeganda kama chapati ya juzi! Gari imekauka sasa, haivuji hata tone. Oili chafu kaiomba jirani apake nguzo za banda, mchwa wamemchosha.