Slivu au baipasi: nina kiungulia sugu, na magoti hayaendi bila diklofenaki

Pendo_K (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Naomba mnisome hadi mwisho, ni jambo linaloninyima usingizi.

Nina miaka 43, kilo 118, urefu sentimita 164, kwa hiyo BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) inakaribia 44. Kisukari aina ya pili huu ni mwaka wa sita, natumia metformini na gliklazidi. Presha ipo. Magoti yamesagika, nameza diklofenaki karibu kila siku ili niweze kusimama kazini. Na usiku nalalia mito mitatu, maana nikilala chali asidi inanipanda kooni.

Daktari wa upasuaji amesema nafaa kwa njia zote mbili za upasuaji wa kupunguza uzito, slivu na baipasi, nikafikirie kwa wiki tatu. Nilivyomwelewa, kwenye slivu wanakata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, asilimia 75 hadi 80, unabaki mrija mwembamba, na kilichokatwa hakirudishwi. Kwenye baipasi wanatenga kijimfuko juu kabisa, cha kama mililita 30, wanakiunga na utumbo mwembamba, na tumbo lililobaki linakaa humo humo bila kupitiwa na chakula.

Mume wangu anataka slivu kwa sababu "haigusi utumbo". Mdogo wangu amesoma kwamba baipasi inashusha sukari zaidi. Mimi nataka kuwasikia waliopita huko. Nawaomba jambo moja tu: msiniambie nipunguze kula. Nimefanya hivyo kwa miaka 20.

Mzee_wa_Hatua

Dada Pendo, hiyo mito mitatu ndiyo iliyonifanya nikujibu.

Nilifanya slivu miaka mitano iliyopita. Nilikuwa na kiungulia kama chako, ila sikumwambia daktari. Niliona ni jambo dogo ukilinganisha na kilo 131, nikawa natafuna vidonge vya kutuliza asidi kimya kimya. Nilishuka hadi 89, sasa nipo 97. Kwa upande wa uzito sina malalamiko, nimecheza mpira na wanangu, jambo ambalo sikulitegemea tena. Lakini asidi ilizidi. Nilikuja kuelezwa kwamba mrija mwembamba unajaa haraka na msukumo ndani yake ni mkubwa, hivyo asidi inatafuta njia ya kupanda juu. Mwaka jana nilipopimwa kwa kamera inayopitishwa kooni, umio ulikuwa umechubuka. Sasa tunazungumzia kunibadilishia kwenda baipasi, upasuaji wa pili ambao pengine ningeuepuka kama ningesema ukweli siku ya kwanza.

Usikubali kupangiwa tarehe kabla hawajaingiza kamera. Hilo nakuomba kama kaka yako.

Bi_Subira

Mimi ni wa baipasi, mwaka wa saba, na ningeirudia kesho. Sukari yangu ilianza kushuka nikiwa bado wodini, kabla hata kilo hazijaanza kupungua. Kiungulia kilikwisha.

Lakini Pendo, kwako wewe kinachonitisha ni diklofenaki. Pale kijimfuko kinapoungwa na utumbo, ule utumbo haukuumbwa kupokea asidi na kinga yake ni ndogo. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya maumivu, hufungua vidonda pale vilipoungwa. Sigara nayo hivyo hivyo. Mimi mwaka wa tatu niliumwa jino, nikameza ibuprofeni siku tisa kwa mazoea tu. Siku ya kumi choo kilikuwa cheusi kama lami. Nililazwa, nikaongezewa damu. Tangu siku hiyo ni parasetamoli peke yake, na kila daktari mpya namwambia kabla hajashika kalamu.

Kwa hiyo kiungulia chako kinakuvuta baipasi, magoti yako yanakuvuta slivu. Usichague kabla hujakaa na daktari wa magoti.

Chanda

Samahani kuingilia, hizi sindano za siku hizi mmezifikiria? Shangazi yangu amepungua sana bila kisu.

Pendo_K

Asante Chanda. Nilichoma semaglutaidi miezi kumi na moja, nikashuka kilo 13. Nilipoacha zilirudi zote ndani ya mwaka. Sizikatai kwa mwingine.

Muuguzi_Neema

Nafanya kazi wodi ya upasuaji, naongea kwa niliyoyaona na niliyosoma, lakini daktari wako ndiye anayekujua.

Chanda, swali lako ni la maana. Katika majaribio makubwa semaglutaidi ilishusha wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na tirzepataidi kwa dozi ya juu kama asilimia 20 kwa wiki 72. Slivu hushusha kama robo ya uzito wote, baipasi huizidi kidogo. Njia nyingine ni puto linalowekwa tumboni, ila hutolewa baada ya miezi michache, la kawaida miezi sita. Ile pete ya kubana tumbo imeachwa sehemu nyingi kwa sababu wengi walirudi ili itolewe.

Pendo, kuhusu njia zako mbili: Finland walifuatilia watu 240 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya slivu na baipasi. Baada ya miaka kumi wa baipasi walikuwa wamepungua zaidi, lakini si kwa tofauti ya kumfanya mtu achague kwa hilo peke yake. Tofauti iliyonigusa ilikuwa ya umio: kwa kamera, 31 katika kila 100 wa slivu walikuwa na michubuko, dhidi ya 7 wa baipasi. Ndiyo maana kaka hapo juu anasisitiza kamera. Wakati huo huo wakupime bakteria wa H. pylori, wanaoleta vidonda vya tumbo, watibu wakimkuta. Kwenye baipasi hilo lina uzito wa pekee, kwani tumbo lililoachwa ndani kamera ya kawaida hailifikii tena.

Kwa mume wako, ni kweli slivu haigusi utumbo, na upasuaji wake ni mfupi. Ila mstari mrefu wa pini zinazofunga ule mrija unaweza kuvuja, hasa sehemu ya juu karibu na umio, na uvujaji wa hapo huchukua muda mrefu kupona. Baipasi nayo ina lake: utumbo unaweza kupenya kwenye nafasi zilizobaki ndani na kujinyonga, hata miaka kadhaa baadaye. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo kwa mtu wa baipasi si ya kulala nayo hadi asubuhi.

Sasa maandalizi, maana huko ndiko ninakoona watu wakijipunja.

Ile lishe ya wiki mbili kabla ya upasuaji wengi huiona kama adhabu au mtihani wa nia. Sivyo. Ini lenye mafuta huvimba, na upande wake wa kushoto umelalia juu ya tumbo lenyewe. Daktari lazima alinyanyue ili aone anapokata. Kalori 800 hadi 1,000 kwa siku zenye wanga kidogo na protini ya kutosha hulisinyaza ini likawa dogo na laini. Nimeshuhudia upasuaji ukisitishwa mgonjwa akiwa tayari amelala, kwa sababu ini lilikuwa kubwa na linavuja damu kila likiguswa. Alikuwa amefanya sherehe ya kuaga chakula wikendi ile. Sikumlaumu, hakuna aliyemweleza sababu.

Na hapa wewe, Pendo, una hatari yako. Ukiingia lishe hiyo huku unameza gliklazidi kama kawaida, sukari itaporomoka. Dawa zipangwe upya kabla ya siku ya kwanza ya lishe. Dawa za kisukari zinazotoa sukari mwilini kupitia mkojo nazo husimamishwa siku kadhaa kabla.

Je, unakoroma na kuamka umechoka? Omba upimwe pumzi inayokatika usingizini. Ukipewa barakoa ya hewa, ianze nyumbani na uje nayo wodini.

Juma_Kilo70

Niongeze moja. Msidanganyane kwamba vitamini ni za baipasi tu. Mimi ni slivu. Mwaka wa kwanza nilimeza, wa pili nikajiona mzima nikaacha. Mwaka wa nne nyayo zikaanza ganzi, nikitembea gizani nayumba. Vitamini B12 ilikuwa chini sana. Sindano zimerudisha sehemu, vidole viwili bado sivisikii. Ni za maisha, na damu ipimwe kila mwaka hata kama unajisikia vizuri.

Kalsiamu chagua ya sitrati, maana ya kabonati inahitaji asidi ambayo sisi tumepungukiwa. Na usiimeze pamoja na madini ya chuma, tenganisha kwa saa mbili, zinanyang'anyana njia.

Pendo_K

Nimerudi baada ya siku 19. Nimesoma kila neno, mengine nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Kamera imeingia. Umio umechubuka, na sehemu ya tumbo imepanda juu kupitia kwenye kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. H. pylori alikuwepo, nimeanza dawa. Usingizini pumzi inakatika mara nyingi kuliko nilivyodhani, nimepewa barakoa.

Kisha nikaenda kwa daktari wa magoti na swali la Bi Subira: naweza kuishi bila diklofenaki? Hakunipa jibu rahisi. Amesema tujaribu mwezi mzima kabla ya upasuaji, si baada: parasetamoli kwa saa maalumu bila kungoja maumivu, mazoezi ya misuli ya paja nikiwa nimekaa, na sindano ya ndani ya goti ikishindikana. Nikishindwa mwezi huo, turudi mezani. Nimeona ni busara. Nipo wiki ya pili. Asubuhi ni ngumu, nashuka ngazi kwa kinyume, lakini naenda.

Ikiwezekana itakuwa baipasi. Mume wangu aliuliza daktari maswali yake yote, akanishika mkono tulipotoka. Sasa niambieni wiki za kwanza zikoje, bila kunipunguzia.

Bi_Subira

Nafurahi kwa ajili yako, mwenzangu.

Utaamka unaumwa bega. Hutaamini, tumbo limekatwa bega linauma! Ni hewa waliyojazia tumboni ili kamera ione, inatoka kwa kutembea. Watakusimamisha siku hiyo hiyo, usiwakatalie. Utakuwa na soksi za kubana na sindano za kuzuia damu kuganda, huenda uendelee nazo nyumbani.

Kazi kubwa ni maji. Lita moja na nusu kwa siku kwa mdomo usiopokea zaidi ya funda dogo, ni kazi ya kutwa. Niliweka kikombe kidogo mkononi tangu naamka. Vimiminika kama wiki mbili, kisha vilivyosagwa, kisha laini, hadi chakula cha kawaida baada ya wiki sita hadi nane. Protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Maji na chakula visikutane, subiri nusu saa baada ya kula. Siku ya kwanza ya yai laini nilikula vijiko vitatu nikalia, sijui ilikuwa furaha au msiba. Kuna kuomboleza chakula, Pendo. Kunapita.

Sukari ikiingia kwa wingi inakimbilia utumboni moja kwa moja: moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linakata, unatamani kulala sakafuni. Ilinipata kwa juisi.

Mwezi wa tatu au wa nne nywele zitadondoka. Mizizi haijafa, zinarudi.

Muuguzi_Neema

Baada ya kutoka hospitali, rudi bila kupiga simu kwanza ukiona mapigo ya moyo yamepita 120 umekaa tu, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana. Mapigo ya moyo mara nyingi hutangulia dalili nyingine za uvujaji, kwa hiyo jifunze kuyahesabu. Kutapika siku mbili tatu mfululizo nako kusivumiliwe, vitamini B1 huisha haraka na ikiisha inaumiza ubongo.

Uliza pia kuhusu dawa ya kuzuia mawe ya nyongo miezi sita ya kwanza, kwa kuwa kupungua haraka huyaleta. Na mimba isubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki baada ya baipasi, na kupungua uzito huamsha rutuba hata kwa aliyedhani hawezi tena kushika mimba.

Pendo_K

Wiki ya tano leo tangu baipasi. Mwezi wa majaribio niliumaliza bila diklofenaki, nikachomwa sindano goti la kushoto, la kulia likavumilia.

Bega liliuma kama ulivyosema Bi Subira, nami nilikuwa namwambia muuguzi wa zamu sababu yake kabla hajanieleza. Siku ya nne nyumbani mapigo yalifika 112, nikaogopa, nikarudi kupimwa. Ilikuwa upungufu wa maji tu, nikawekewa dripu nikalala usiku mmoja. Sijutii kurudi.

Kilo 118 sasa ni 103, nikihesabu na zile za lishe ya ini. Gliklazidi imesimamishwa, metformini imebaki nusu. Uchovu upo, mchana nalala kama mtoto. Nyama ya kusaga ilinikwama juzi kwa sababu nilikuwa naongea huku nakula. Nilikaa dakika 40 nimeinama hadi ikapita, tangu hapo nakula kimya.

Nalala na mto mmoja.

Mzee_wa_Hatua

Dada, umenipa nguvu. Tarehe yangu ya kubadilishiwa imetoka, ni mwezi ujao. Ile lishe ya ini ulianza siku ngapi kabla, na njaa uliishikaje?

Pendo_K

Siku 14 kaka. Tatu za kwanza ndizo mbaya, kichwa kiliuma na nilikuwa mkali kwa kila mtu. Kuanzia ya nne njaa ilipungua yenyewe. Mwambie aliye nyumbani asipike mbele yako hizo siku tatu. Ukifika huko andika humu humu, hata iwe saa nane za usiku, nitakujibu.