PC kwenye gemu inaanza FPS 50 (picha kwa sekunde) inaishia 15, nipo Kigoma, naombeni ushauri kabla sijatoa hela ya kadi ya grafiki

Jirani wa Kibirizi
Mwakeye wakuu. Nina desktop ya Dell zile zilizotoka maofisini, prosesa i5-6500, RAM 8GB, diski ya kawaida 1TB, kadi GTX 1050 Ti ya 4GB. Nacheza GTA V setingi za kati, 1080p. Zamani ilikuwa inatembea bila shida, sasa hivi nikiwasha naanza na 50 na kitu, nikizurura mjini kama robo saa hivi inaporomoka mpaka 15, hapo hata kukata kona huwezi, nikizima gemu nikaipumzisha inarudi freshi halafu baadae mchezo ni ule ule. Kuna fundi nimempelekea hata kesi hajafungua, kaniambia kadi imechoka nilete laki tatu aagize nyingine Dar. Draiva nimeapdeti, virusi nimeskani, hamna kitu. Nitoe hiyo hela au kuna kitu hatujakiona?

Boda Mstaafu
Uza hiyo chuma kanunue PS4 ulale usingizi.

Jirani wa Kibirizi
Kaka nimeomba dawa wewe unanipa talaka 😂

Mzee wa Katubuka
Kijana wangu hapo tatizo umeme. Huku kwetu ikifika jioni watu wakawasha majiko na pasi hata taa unaiona inafifia, sasa mashine kama hiyo itapata wapi nguvu? Chukua stabilaiza kwanza. Sie tuliokula umeme wa majenereta ya dizeli kabla gridi haijafika tunayajua haya.

Dada wa Saketi
Shikamoo mzee wangu, stabilaiza naunga mkono kwa ajili ya kulinda mashine, ila kwa hizo FPS hapana. Pawa saplai ya desktop inachukua umeme wa ukutani inautoa volti 12, 5 na 3.3, na inazishikilia hapo hapo. Umeme ukishuka kupita uwezo wake mashine inazima au inajirestati, hutaona gemu limepungua fremu halafu linaendelea kama kawaida. Laptop ndo hesabu nyingine, ukichomoa chaja tu inabana prosesa na kadi itunze betri.

@Jirani wa Kibirizi waya wa monita umeuchomeka kwenye kadi au kule juu kwenye mazabodi (bodi kuu)? Nauliza hivyo kwa sababu i5-6500 ina grafiki yake ya ndani, wapo watu wamenunua kadi nzuri na gemu linaendeshwa na ile dhaifu. Ila wewe hata sidhani, maana ingekuwa hivyo au kadi ingekuwa imezidiwa ungeteseka tangu dakika ya kwanza. Kuanza vizuri halafu ikachoka ikishachemka, ikipumzika inapona, hiyo ni tabia ya joto. Shusha programu ya MSI Afterburner, ni ya bure, inakuja na RivaTuner, iambie ionyeshe kwenye kioo joto la prosesa, joto la kadi, asilimia zinazotumika na kasi ya prosesa. Cheza mpaka iporomoke ndo usome. Namba za mwanzo usiniletee.

Ujiji Mtulivu
Na RAM ni fimbo moja au mbili? Kama ni moja ya 8 ongeza nyingine ya 8 zikae pacha, i5 za hivyo zinanufaika. Na nyasi kwenye setingi shusha hadi chini, zinakula kadi bure, MSAA (ile ya kulainisha kingo za picha) zima kabisa.

Jirani wa Kibirizi
Waya upo kwenye kadi. RAM fimbo moja. Haya namba, wakati imeporomoka: prosesa joto 99, kasi 800 MHz, wakati mwanzo ilikuwa 3300. Kadi joto 58, inatumika asilimia 30 tu.

Dada wa Saketi
Sasa hapo mtu anakuuzia kadi ya nini? Kadi ipo nyuzi 58 inakunywa chai, theluthi mbili ya nguvu yake haina kazi kwa sababu prosesa haiiletei kazi. Prosesa ikikaribia 100 inajishusha kasi yenyewe isiungue, na 800 MHz ndo ya chini kabisa kwa hiyo i5. Ungefunga hata kadi ya milioni ungepata 15 ile ile.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua. Feni ya prosesa ishike kwa kidole au penseli isizunguke wakati unapuliza, ikizungushwa na blowa inaharibika beringi. Pulizia nje, lile vumbi jekundu la Kigoma usilimwage ndani utalala nalo. Halafu toa hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), kama pesti (ile ya kupitisha joto kati yao) imekauka imekuwa chokaa futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya duka la dawa, iache ikauke kabisa, weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, rudisha hitisinki ukaze skrubu kwa kupishanisha kona.

Boda Mstaafu
Pesti si ile ile, tumia ya meno. Nimeona mtandaoni.

Dada wa Saketi
Inafanya kazi siku chache, ina maji, ikikauka unarudi ulipotoka. Nenda kwa mafundi wa laptop pale Mwanga uulize, ukikosa mwambie mtu Kariakoo akutumie kwa basi, tyubu ni ndogo. Na hiyo mashine imekaa wapi?

Jirani wa Kibirizi
Chini ya meza, mgongo ukutani.

Dada wa Saketi
Na hapo kwenye mgongo ndo inapotolea joto. Ivute, ipandishe juu ya kitu.

Jirani wa Kibirizi
Wakuu mrejesho. Pesti imekuja na basi. Mapezi ya hitisinki yalikuwa yamezibwa blanketi la vumbi, nimelitoa zima zima kama kitambaa, pesti ya zamani ilikuwa inabanduka vipande. Sasa prosesa haivuki 70 hata nikikaa saa nzima, FPS 55 hadi 60, mjini kati inashuka 48. Laki tatu ipo mfukoni. Kimebaki kitu kimoja, nikikimbiza gari sana barabara inachelewa kutokea, inaganda nukta halafu inaendelea.

Ujiji Mtulivu
Hiyo diski. Gemu linasoma mji huku unakimbia na diski ya kuzunguka haiwahi. Toa sehemu ya hiyo laki tatu chukua SSD (diski isiyozunguka, ina kasi) ya SATA na fimbo ya pili ya RAM, uliza kwanza kama RAM yako ni aina ya DDR3L au DDR4 maana i5-6500 inapokea zote, inategemea mazabodi.

Jirani wa Kibirizi
Imeandikwa DDR4. Asanteni sana, dada wewe nakudai soda.

Mzee wa Katubuka
Kijana hiyo tyubu imebaki? Ya mjukuu wangu nayo inalia feni usiku kucha.

Jirani wa Kibirizi
Ipo mzee, nusu. Jumapili nakuja na blowa.