Dodoma–Mwanza "saa moja" kwa ndege: wauza tiketi, hiyo saa moja mnaihesabu kuanzia wapi?

Wakuu salaam. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Kuna wakala wa tiketi hapa Dodoma mjini, simtaji. Kwenye ukurasa wake kaandika Dodoma hadi Mwanza ni kilomita 510, muda wa kuruka saa moja na ushee. Mimi nina kikao cha mahari ya mdogo wangu, nyumbani Mwanza, saa nane mchana. Nikajua nikiondoka asubuhi nafika mapema hata kuoga. Nikalipa.

Tiketi inakuja: Dodoma–Dar, Dar–Mwanza. Hebu chukueni ramani. Mwanza iko kaskazini magharibi mwetu. Mimi nimepelekwa mashariki kilomita kama 390 mpaka baharini, halafu ndiyo narudishwa kilomita 840 hivi kwenda ziwani. Jumla 1,230! Basi lenyewe, kupitia Manyoni, Singida, Nzega na Shinyanga, ni karibu 700 tu.

Na hiyo 510 si uongo, ndicho kinachoniudhi zaidi. Ni mstari ulionyooka. Programu ya kukokotoa umbali inachukua miji miwili, inapima kati yao, inagawa kwa mwendo wa jeti, inaongeza kama nusu saa ya kupaa na kutua, jibu hilo hapo. Haijui kama siku hiyo kuna ndege ya moja kwa moja. Haijui kwamba ndege ya pangaboi haikimbii kama jeti. Kuripoti mapema, kukaguliwa, kusubiri ndege ya pili, hivyo vyote kwake ni sifuri. Sawa, programu haina akili. Wewe wakala unayeuza hiyo tiketi, unayeona kabisa inapita Dar, kwa nini uninakilie huo upuuzi?

Ndege ya pili ikachelewa. Nimekaa Dar na boksi la zabibu za mama, joto lile mnalijua, mpaka maji yake yakaanza kuchuruzika sakafuni. Dada wa usafi kaja na dekio, kaniangalia, kalitazama boksi, hakusema neno. Nafika nyumbani wakwe wameshaondoka, kina shangazi wanaosha masufuria, na mahari imepangwa bila kaka mtu kuwepo.

Nimemrudia wakala. Ananijibu eti kilichoandikwa ni muda wa kuruka, wa safari ni mwingine. Sasa ndugu yangu, nani ananunua muda wa kuruka?

Na wale wa "subiri Msalato ukamilike", tulieni kwanza. Huo uwanja mpya wa ndege wa Dodoma ni mzuri, ila uwanja haupangi ratiba za ndege. Makao makuu yaliamuliwa kuhamia Dodoma tangu 1973, bado kwenda Kanda ya Ziwa napitishwa Dar!

Kuna mtu humu amewahi kudai wakala amrudishie hela kwa jambo kama hili akafanikiwa? Alianzia wapi? Picha ya ule ukurasa ninayo, nilipiga kabla hajaubadilisha.